Ndege ya Kwanza ya Kivita ya Plastiki: Ipi Ununue Sasa, Ipi Isubiri

Nilikulia Nanyuki, na ndege za kivita aina ya F-5 zilipopaa kutoka kambi ya Laikipia vioo vya darasa vilikuwa vinatetemeka. Kenya ilianza kuzipata ndege hizo mwaka 1978, kwa hiyo kuna vizazi kadhaa vya watoto waliosimamisha mpira uwanjani ili waangalie juu. Wengi wanaoniuliza kuhusu modeli za plastiki, zile ndege ndogo za kuunganisha kwa gundi na kupaka rangi, huanzia hapo: wanataka ile ndege waliyoiona. Nawaelewa kabisa. Hata hivyo, katika orodha hii F-5 nimeiweka mwisho, na sababu nitaieleza.

Kigezo changu ni kimoja: vipande vinaungana vizuri kiasi gani. Picha ya sanduku haina maana, wala wingi wa makombora. Huku kwetu mtu huagiza seti moja, akalipa usafiri, akalipa ushuru na VAT (16% Kenya, 18% Tanzania na Uganda), akasubiri wiki kadhaa. Seti hiyo ikimshinda, haagizi ya pili. Rahisi ni ghali, na kwenye modeli msemo huu ni kweli zaidi kuliko kwenye viatu.

Chagua skeli, yaani modeli ni ndogo mara ngapi kuliko ndege halisi, kabla ya kuchagua ndege. F-5E halisi ina urefu wa mita 14.4 hivi. Kwa skeli ya 1:72 inakuwa sentimita 20, karibu shubiri moja. Kwa 1:48 inafika sentimita 30, sawa na rula ya shule, na kwa 1:144 inatoshea kiganjani. Anza na 1:72. Bei yake inavumilika, vidole vinapata pa kushika, na aina za kuchagua ni nyingi.

1. F-16CJ ya Tamiya, 1:72

Si ya bei ya chini, na bado naiweka juu. Wajapani hawa wa Shizuoka wamejijengea jina kwa jambo moja: kipande kinaingia mahali pake na kutulia, hata kabla ya gundi. Mtu anayeanza anahitaji hilo kuliko kitu kingine chochote, maana makosa yatakayobaki yatakuwa yake mwenyewe, na anaweza kujifunza kutokana nayo. Ikikamilika ina sentimita 21 hivi. Rangi zake ni za kijivu, na kijivu humsamehe mtu mwenye brashi.

Angalia herufi CJ kwenye sanduku. Tamiya imewahi kuuza modeli za 1:72 zilizotoka kwenye kalibu (maumbo ya chuma ya kumiminia plastiki) za kampuni nyingine, Italeri, F-16 ya zamani ikiwemo. Nembo ya nje ni ileile, plastiki ya ndani ni nyingine. Tovuti ya Scalemates huonyesha ukoo wa kila seti: kalibu ilitengenezwa mwaka gani na imepita masanduku mangapi. Pita huko kabla ya kulipa, kwa seti yoyote ile.

Nalisema hili kwa sababu liliwahi kunigharimu. Niliagiza seti yenye sanduku jipya linalong'aa, picha yake ikitamanisha kweli. Nilipoliunganisha bawa na kiwiliwili, pengo lililobaki lilipitisha sarafu ya shilingi. Usiku tatu nilijaza fila, ile dawa ya kuziba mapengo, na kupiga msasa, na nilipomaliza, mistari yote ya kuonyesha maungio ya mabati upande huo ilikuwa imefutika. Baadaye nikagundua kalibu yake ilikuwa na umri kunizidi mimi.

2. Hawk ya Airfix, seti ya kuanzia, 1:72

Hawk ni ndege ya mafunzo, najua. Lakini ni jeti, ina umbo safi, vipande vyake si vingi, na Jeshi la Anga la Kenya liliwahi kuwa na Hawk Mk 52 kuanzia miaka ya 1980, kwa hiyo si mgeni kwetu. Seti ya kuanzia ya Red Arrows, kikosi cha maonyesho cha Uingereza chenye ndege nyekundu, huja na gundi, brashi na rangi ndani ya sanduku. Mtu aliyepo Uingereza na anayetaka kumtumia mpwa wake zawadi, hii ndiyo ampe ndugu anayesafiri, ila kwanza aulize shirika la ndege kuhusu gundi.

Ugumu wake ni rangi nyekundu. Nyekundu ikipakwa juu ya rangi ya giza haiwaki, inafifia na kuwa kama matofali. Paka nyeupe kwanza, tabaka mbili nyembamba, halafu nyekundu.

3. Su-30SM ya Zvezda, 1:72

Kwa mtu anayetaka ndege kubwa kwa pesa zake, Warusi hawa wanatoa mengi. Su-30 ina karibu mita 22, kwa hiyo modeli inafika sentimita 30, na inaungana vizuri kwa ukubwa wake. Msomaji wa Uganda awe makini: Su-30MK2 za Entebbe hazina yale mabawa madogo yaliyo nyuma ya chumba cha rubani, na SM inayo. Anayetaka ya Uganda hasa atafute Su-30MKK ya Trumpeter, kwa sababu MK2 ilitokana nayo. Na apime kabati kwanza.

4. Eurofighter ya Revell, 1:144

Hii ni ya kujaribu mkono. Ina sentimita 11, bei yake ni ndogo, na Revell huandika kiwango cha ugumu kwenye sanduku, kuanzia 1 hadi 5. Shida ni kwamba udogo haurahisishi kazi. Kombora lenye ukubwa wa punje ya mchele likiruka kutoka kwenye kibano, hulioni tena. Mtoto mdogo mnunulie Quickbuild ya Airfix, ambayo vipande vyake hubanana bila gundi wala rangi.

5. MiG-21MF ya Eduard, 1:72

Kwa uzuri, hii ingekuwa namba moja. Wacheki hawa wamechora kila ribiti. MiG-21 pia ina historia nzito hapa: ilikuwa miongoni mwa MiG za Idi Amin zilizoharibiwa Entebbe usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, na Tanzania nayo ilikuwa na MiG-21 zake wakati wa vita vya Kagera. Ila toleo la ProfiPACK lina bamba la shaba lenye vipande vyembamba kama karatasi vya kukunjwa kwa kibano, na maandishi ya kubandika ni mengi mno. Iwe ya tatu au ya nne. Ukishindwa kuvumilia, chukua toleo la Weekend, ambalo halina shaba.

Vitu vinavyofuatana na sanduku

Gundi ya plastiki huyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja, na kwa kuwa hushika moto, wauzaji wengi hawaitumi kwa ndege. Ukiipata, ile ya Tamiya yenye kifuniko cha kijani na brashi ndani yake ndiyo bora: shikanisha vipande, gusa ufa kwa ncha ya brashi, na gundi itakimbia yenyewe kufuata mstari. Ukiikosa, super glue ya dukani inafaa mwili wote isipokuwa kioo cha rubani. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu, na alama za vidole vyako hujitokeza humo kama kwenye kitambulisho. Kioo kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, tone kwenye ncha ya kijiti. Ikikauka haionekani.

Kama huna vifaa vya kupuliza, nunua rangi za maji, kwa mfano Vallejo Model Color. Hukubali brashi vizuri, na hazina petroli, hivyo kuzituma si taabu. Rangi za Tamiya ni nzuri kwa kupuliza, lakini kwa brashi tabaka la pili huburuta la kwanza. Na tafadhali, thinner ya mafundi wa magari isikaribie modeli. Inayeyusha plastiki mbele ya macho yako.

Vipande huja vikiwa vimeshikana na fremu kama ndizi kwenye mkungu. Usivinyofoe. Kata mbali kidogo kwa kikata kucha, kisha punguza kwa wembe na umalizie kwa msasa namba 400, halafu 800. Tazama pia kama maelekezo yanataka uzito puani, maana jeti nyingi hukalia mkia bila huo. Mimi hutumia chubwi za wavuvi. Ni madini ya risasi, bei yake ni ndogo, na hupondeka kwa nyundo zikafuata umbo la pua.

6. F-5E, hatimaye

Katika 1:72, zile za Italeri na Hasegawa ndizo rahisi kuzipata, na zote mbili kalibu zake ni za zamani. Zinahitaji fila, msasa, na mkono uliokwisha kukosea mahali pengine. AFV Club ya Taiwan ina F-5E ya 1:48 iliyo ya kisasa zaidi, ila vipande ni vingi na bei inapanda. Nembo za Kenya usizitarajie ndani ya sanduku. Tafuta karatasi yake ya kubandika, inayouzwa kando, au chora mwenyewe ile duara yenye rangi za bendera kwa brashi namba 000.

Yangu ilikuwa modeli ya saba. Duara ya bawa la kushoto niliifuta na kuichora mara nne, na leo F-5 hiyo iko dirishani, pua imeelekea Mlima Kenya.