Konekta ya waya wa dishi: ipi ununue kama unakaa kwenye mvua

Nimepanda mapaa mengi kati ya Uyole na Tukuyu. Picha ikianza kugandaganda watu hulaumu dishi, kumbe mara nyingi tatizo ni kale kachuma ka kwenye ncha ya waya.

Jua waya wako kwanza. Soma maandishi kwenye ganda: RG6 ina unene wa karibu milimita 7 kwa nje, RG59 karibu milimita 6. Kwa tofauti hiyo tu, konekta ya mmoja inacheza kwenye mwingine. Wote ni wa om 75 (kipimo cha ukinzani wao kwa mawimbi), lakini kwa dishi chukua RG6, maana RG59 inapoteza mawimbi zaidi njiani.

Namba moja naipa konekta ya kushindilia. Ina pete ya mpira, na ukiikandamiza kwa koleo lake, mkia wote unazama na kubana ganda kuzunguka pande zote. Tukuyu, ambako mvua ya mwaka inapita milimita 2,000, sifungi nyingine juu ya paa. Ubaya wake ni kwamba bila koleo lake haifungiki, na ukikosea unakata na kutupa.

Namba mbili ni ya kubana. Mkia wake ni bomba jembamba linalobanwa kwa koleo lenye mdomo wa pembe sita. Ikikaa sawa haichomoki, ila haizuii maji kama ile ya kwanza, kwa hiyo nje uivalishe kofia ya mpira. Hapa pesa yako iende kwenye koleo. Chagua lile lisiloachia mpaka mbano ukamilike, na tundu lake lilingane na konekta uliyonunua. Plaizi ya kawaida inaponda mkia ukawa bapa, ule mpira mweupe wa ndani nao unapondeka, na mawimbi yanaanza kurudi yalikotoka.

Kufunga ni kazi ya dakika mbili. Menya ganda karibu milimita 13, rudisha nyuma nyuzi za wavu (zile nyembamba zilizo chini ya ganda), kisha menya mpira mweupe nusu ya urefu huo. Usikwaruze waya wa kati: mwingi ni chuma kilichopakwa shaba (jaribu kwa sumaku), na shaba ikitoka, kutu inaingia. Sukuma konekta mpaka mpira mweupe ulingane na sakafu ya ndani. Chungulia. Uzi mmoja wa wavu ukigusa waya wa kati umepiga shoti, na humo ndimo zinamopita volti 13 au 18 za kulisha LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi). Ukiridhika, bana.

Namba tatu ni za kuzungusha kwa mkono, zinazouzwa kwa mafungu. Pale Sido Mwanjelwa muuzaji aliniambia, "Fundi, hizi zinaingia waya wowote, koleo la nini?" Ni kweli zinaingia. Zinatoka vilevile. Mama mmoja wa Tukuyu aliniita, "Mwanangu, hii TV imekufa tena." Nilipofungua waya nyuma ya king'amuzi, tone la maji lilidondoka kwenye kitambaa chake cha kufuma. Maji yaliingilia kwenye konekta ya kuzungusha kule juu ya paa, yakateremka ndani ya wavu mpaka sebuleni. Ndani ya nyumba, kwa kipande kifupi, sikukatazi.

Za kuchomeka tu, zisizo na nati, ni za kujaribia mezani. Basi.

Yoyote utakayochukua, ikaze kwa mkono kwanza, kisha spana namba 11 kidogo tu. Ukizidisha unang'oa meno ya skrubu ya LNB. Na kabla waya haujaingia ukutani, uache uning'inie tumbo, maji yadondokee hapo.