Kano ya bega: leza au mpira wa kuvuta?

Mkono ukigoma kufika kwenye kamba ya kuanikia nguo, huenda kano za bega, zile nyuzi zinazoshikiza misuli kwenye mfupa, zimeumia. Leza ya nguvu ndogo haikati wala haichomi: mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 600 hadi 1000 hupenya ngozi, nawe umekaa tu na miwani ya kukinga macho. Raha, lakini nafuu yake huwa ya muda mfupi, na kila kikao ni pesa.

Mpira wa kuvuta, ule utepe wa mazoezi unaonyumbulika, unachosha. Kiwiko umekibana ubavuni, unafungua mkono nje taratibu, unaurudisha taratibu zaidi, kwa wiki 12 hivi. Ila ndio unaoizoesha kano kubeba mzigo tena. Mimi ningeanza na mpira. Leza ije pale maumivu yanapozuia mazoezi. Kano iliyokatika kabisa ni ya daktari wa mifupa.