Kasuku wa kwanza: yupi umchukue, yupi umwache alipo

Mtu akitaka kasuku wa kwanza, swali lake huwa ni moja: anaongea? Wauzaji hulipenda sana, kwa sababu ukisikia "ndiyo" umeshafungua pochi. Mimi ningeuliza kwanza ndege huyo ataishi miaka mingapi, na atapiga kelele kiasi gani saa kumi na mbili asubuhi. Hayo mawili ndiyo yaliyopanga orodha hii. Baada yake nimetazama urahisi wa kumzoeza ndege, halafu gharama. Kuongea nimekuweka mkiani.

1. Kokatieli

Huyu ni ndege mwembamba wa kijivu kutoka Australia, mwenye kishungi kichwani na doa la rangi ya chungwa kwenye kila shavu, ingawa wafugaji wamezalisha wa njano na weupe pia. Akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20. Maneno si fani yake. Fani yake ni mluzi, hasa dume, na akishaudaka wimbo atakuimbia kipande kilekile mpaka ujute kumfundisha.

Nimempa nafasi ya kwanza kwa sababu ya kile kishungi. Kikisimama wima, ameshtuka au kuna jambo linamvutia. Kikiegemea nyuma bila kukaza, ametulia. Kikilala bapa kichwani huku anafoka, rudisha mkono. Mgeni wa kasuku huumwa kwa sababu hajui kusoma dalili, na kokatieli huziandika mahali unapoziona ukiwa upande wa pili wa chumba.

Kasoro anazo. Manyoya yake hutoa unga mweupe mwingi unaotua kwenye fanicha na kuelea hewani, kwa hiyo kama nyumbani kuna mwenye pumu, mruke. Pia hushikwa na hofu za usiku: kitu kidogo kikilia gizani, anaruka na kujipigapiga kwenye nyavu hadi anaumia. Taa hafifu karibu na kizimba husaidia sana.

2. Baji

Baji ndiye kasuku mdogo anayeuzwa kila mahali, wa kijani au buluu, mwenye mistari mgongoni. Ana uzito wa gramu 30 hadi 40 hivi na huishi kwa kawaida miaka 5 hadi 10. Watu humwona wa bei rahisi wakadhani ni pambo tu. Hata hivyo rekodi ya dunia ya Guinness ya ndege mwenye msamiati mkubwa zaidi ilishikwa na baji wa Marekani aliyeitwa Puck, aliyekufa mwaka 1994 akiwa na maneno 1,728. Usitegemee wako atamfikia. Dume ndiye huongea zaidi, na sauti yake ni ndogo na ya haraka kiasi kwamba mwanzoni utadhani analialia tu. Kumtambua dume, tazama ngozi iliyo juu ya mdomo, penye matundu ya pua: kwa ndege mzima wa rangi za kawaida, dume huwa na buluu na jike kahawia. Kwa makinda na kwa baadhi ya rangi za kufugwa kanuni hiyo hupotosha.

Kilichomshusha chini ya kokatieli ni kwamba wengi huuzwa hawajawahi kuguswa na mkono wa mtu. Kumzoeza baji wa namna hiyo ni kazi ya wiki nyingi za kukaa karibu, kuongea kwa upole na kumlisha kwa vidole. Kama huna subira hiyo, chukua wawili wapeane kampani, nawe uwe mtazamaji.

3. Kasuku wa mashavu ya kijani

Huyu anatoka Amerika Kusini, ana mkia mwekundu-hudhurungi na vituko vingi: hujiviringisha, hulala chali kiganjani, hujificha ndani ya shati lako. Anaweza kufika miaka 20 na zaidi. Huuma akichangamka kupita kiasi, na huuma kweli. Muuzaji asikubadilishie kwa binamu yake wa njano na chungwa kwa kuwa anapendeza zaidi. Sauti ya yule hupenya kuta, na majirani hawatakuwa na la kukuambia ila malalamiko.

4. Lavubedi

Wafupi, mkia kama umekatwa, rangi za kuvutia. Wengi huamini hawa lazima wanunuliwe wawili. Ukweli ni kwamba wawili wakipendana, wewe huna nafasi, na mmoja peke yake anakuhitaji kila siku. Jike hulinda kizimba chake kwa ukali usiolingana na umbo lake. Kwa kutazama, wazuri mno. Kwa kushika mkononi, mgeni asianzie hapa.

5. Kasuku wa kijivu

Ndiye wengi wanayemwota, na ndiye ningekusihi umwache. Akili anayo: Alex, kasuku wa kijivu aliyefundishwa na mwanasayansi Irene Pepperberg hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007, alitaja rangi, maumbo na idadi ya vitu. Akili hiyohiyo ndiyo mzigo. Akikosa kazi na kampani huanza kujinyonyoa manyoya kifuani, na tabia hiyo ikishaanza ni ngumu kuiondoa. Huishi miaka 40 na kuendelea. Isitoshe, mwaka 2016 nchi za CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikubaliana kumweka Kiambatisho cha Kwanza, penye ulinzi mkali zaidi, hivyo biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Asiye na karatasi za kuonyesha alikozaliwa, usimguse.

Kakatua na makau, wale kasuku wakubwa, sijawapa hata namba.

Kizimba kabla ya ndege

Fedha nyingi ziende hapa. Ndege huruka kwenda mbele, kwa hiyo upana una maana kuliko urefu wa kwenda juu, na vile vizimba vya duara viache dukani. Nafasi kati ya nyavu isizidi sentimita 1.2 kwa baji, ama atapitisha kichwa na kunasa. Vijiti vya kusimamia viwe vya mti na vya unene tofauti. Vya plastiki vya unene mmoja humletea vidonda vya miguu. Usinunue vioo na kengele nyingi, nunua mizani ya gramu. Ndege huficha ugonjwa, na uzito hushuka kabla hujaona dalili nyingine.

Jikoni kwako kukiwa na kikaango kisichogandisha chakula, jua kwamba kikiunguzwa kupita kiasi moshi wake huua ndege kwa dakika chache, hata aliye chumba kingine. Parachichi na chokoleti ni sumu kwake.

Siku ya kuchagua

Simama mbali kwanza, kabla ndege hajakugundua. Mgonjwa hujikaza akiona mtu. Aliyejitunisha manyoya mchana huku macho yamefumba nusu, au ambaye mkia wake unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi, mwache. Kisha sogea: matundu ya pua yawe makavu, manyoya chini ya mkia yawe safi bila kinyesi kilichoganda. Omba kupapasa kifua. Mfupa wa katikati ukiwa mkali kama kisu, amekonda. Kasuku wanaweza kumwambukiza binadamu homa ya mapafu iitwayo sitakosisi, kwa hiyo mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua ndege wiki ya kwanza, na kama una ndege wengine usiwachanganye naye kabla ya hapo.

Mwisho, muulize muuzaji ndege anakula nini sasa hivi, na uondoke na chakula hichohicho cha kutosha wiki kadhaa, hata kama ni mbegu tupu. Mbegu peke yake zina mafuta mengi na vitamini A kidogo, hivyo utakusudia kumhamishia kwenye peleti, yaani chakula cha ndege cha vidonge vya kiwandani, na mboga za majani. Fanya polepole ukitazama mizani, kwa sababu kasuku anaweza kukaa na njaa mbele ya bakuli lililojaa kitu asichokitambua kuwa chakula.