Begi "la marubani" ambalo waranti yake inawakwepa marubani

Nawaambia mapema, hili begi msinunue. Au nunueni, sijui, nitafika huko mbele, lakini kwanza niacheni nitoe hasira zangu. Nimeambiwa na huduma kwa wateja, kwa maandishi kabisa, kwamba "waranti haihusu uharibifu unaotokana na matumizi ya kikazi". Matumizi ya kikazi! Begi lina lebo imeandikwa kwamba ni la wafanyakazi wa ndege. Kwenye picha ya tangazo kuna jamaa kavaa kofia, mistari minne mabegani, analikokota hilohilo begi huku anatabasamu. Huyo alikuwa anaenda wapi, harusini?

Mimi ni rubani msaidizi, mistari yangu mitatu, na rosta yangu ni ile ya kuondoka leo na kurudi baada ya siku tatu nne, kila usiku hoteli nyingine. Watu wakisikia rubani anasafiri wanadhani tunabeba nguo za kupigia picha. Wapi! Ukikaa kidogo kwenye hii kazi unakuwa mchoyo wa nafasi mpaka soksi unazihesabu. Shati moja la yunifomu kwa kila siku ya kazi na moja la ziada, na hilo la ziada usilifanyie mchezo, kahawa na mtikisiko wa hewa havijawahi kuelewana. Suruali ya pili. Tai ya akiba. Jozi nyingine ya ile mistari ya mabegani, maana ukiisahau kwenye shati ulilopeleka dobi utaripoti kazini mabega matupu na kapteni atakuita "abiria" safari nzima. Nguo za kiraia seti moja tu, raba, na kaptula ya mazoezi ambayo tuseme ukweli mara nyingi inaenda na kurudi bila kukunjuliwa. Basi. Vingine vyote ni vitu vya kulala na vitu vya sheria.

Vitu vya kulala ndio wenye mabegi hawavielewi kabisa. Sisi tunalala mchana, tunalala jioni jua halijazama, tunalala muda ambao mtu wa usafi ndio kwanza anawasha mashine yake koridoni. Na mapazia ya hoteli hayakutani katikati, sijui ni laana gani, kunabaki ufa wa mwanga unaokupiga jichoni moja kwa moja, kwa hiyo unatembea na vibanio vya nguo, vile vile vya kuanikia, unabana pazia. Vizibo vya masikio. Kitambaa cha macho. Nina wenzangu wanabeba mpaka kabari ya mlango. Kule Marekani kanuni inasema rubani wa ndege za abiria apate mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, na ndani yake awe na nafasi ya kulala saa 8 bila kusumbuliwa. Sawa, tunashukuru, ila ule ufa wa pazia haujasoma kanuni. Kibanio ndio kinafanya kazi.

Vya sheria ni leseni, cheti cha afya, pasipoti, kitambulisho. Kama cheti chako cha afya kinasema unaruka ukiwa umevaa miwani, lazima uwe na miwani ya pili hapo ulipo, siyo nyumbani na siyo chini kwenye mizigo. Tochi, maana usiku unaizunguka ndege kabla ya kuruka unamulika matairi, unamulika huku kwenye injini, na mwanga wa simu hapo ni utani. Koti la rifleksa. Hedseti. Miwani ya jua ambayo siyo ya polaraizi, yaani ile ya kukata mng'ao, kwa sababu hiyo ukigeuza kichwa kidogo skrini za kokpiti zinakuwa nyeusi. Na tableti yenye chati zote. Wakubwa wanatusimulia walivyokuwa wanaburuta mikoba ya chati za karatasi. American Airlines waliporuhusiwa kutumia iPad hatua zote za safari mwishoni mwa 2011, mkoba iliouchukulia nafasi ulikuwa na uzito wa kilo 16 hivi. Migongo imepona, ila sasa tumejaza chaja. Chaja ya tableti, chaja ya simu, adapta, pawabenki mbili, na waya ambazo hata sizijui ni za nini ila naogopa kuziacha.

Hivyo vyote viliingia kwenye hili begi. Nitakuwa mkweli, viliingia vizuri. Zipu nimeilazimisha kufunga juu ya viatu, nimeikalia, haijawahi hata kupepesuka. Na kuna mfuko wa ndani usiopitisha maji ambao ni akili tupu, maana hewa ya ndani ya ndege angani inakuwa nyepesi kama upo mlimani futi 6,000 hadi 8,000, kwa hiyo chupa ya shampuu uliyoifunga chini ikiwa na hewa nusu inavimba na kucheua. Ilicheua. Shati halikuguswa. Siku ile nilitaka kuandika nyota tano, na ningeandika, ningekuwa sasa hivi nimejifedhehesha.

Shida ni mkono. Ule mkono wa kuvutia, wa kupandisha na kushusha. Siku moja hivi, siku ya mwisho ya safari, tumeripoti alfajiri, mvua ya rasharasha, ndege imeegeshwa mbali ile ya kupanda kwa ngazi. Nimefika chini ya ngazi nabonyeza kitufe nishushe mkono, haushuki. Nabonyeza tena, nautikisa, nalipiga begi teke la heshima, haushuki. Kapteni ameshatangulia, anageuka ananiangalia.

"Dogo, hilo begi haliingii huku hivyo."

"Najua kapteni, linakuja."

Halikuja. Begi lenye mkono uliosimama halikai pale nyuma ya kiti, na kwenye kokpiti hakuna kitu kinaachwa kinaelea wakati wa kuruka, kila kitu kinafungwa. Kwa hiyo lazima liende chini kwa mizigo. Haya, na pawabenki? Betri za lithiamu za akiba hazishuki kwa mizigo, zinabaki ndani na watu, zikiwaka moto angalau mtu anaziona. Zangu ni ndogo, chini ya wati-saa 100, za kupita bila kuomba ruhusa, lakini ndogo au kubwa chini haziendi. Leseni haziendi. Miwani ya pili haiendi. Tableti haiendi, tochi haiendi. Yaani nikapiga magoti kwenye lami na yunifomu yangu, nikafungua begi lote mvuani nianze kuchambua, na wakati huohuo basi la abiria limefika.

Watu wote wakashuka wakanikuta na boksa zangu mikononi. Sitanii. Natafuta waya, natoa kaptula, natoa mfuko wa nguo chafu za siku tatu, vibanio vikamwagika vikasambaa chini, mama mmoja mtu mzima akainama akaniokotea, "shika kapteni", kwa heshima zote, na mtoto aliyekuwa naye akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye bawa, "Bibi, rubani anaanika nguo kwenye ndege?" Jibu la bibi sikulisikia. Vitu vya sheria nikavitia kwenye mfuko wa dobi wa hotelini, ule wa plastiki wenye jina la hoteli, nikapanda nao ngazi mbele ya ndege nzima. Kapteni hakusema kitu mpaka tumemaliza kukagua orodha zote, halafu akaniuliza kama huo mfuko wa dobi nao umefungwa.

Tuliondoka kwa wakati, hilo namshukuru Mungu.

Sasa huduma kwa wateja. Nimewaandikia kistaarabu kabisa, picha, risiti, video ya mkono uliokwama. Akanijibu dada mmoja, mchangamfu, "pole sana mpendwa mteja, tutalishughulikia". Akauliza begi nalitumia mara ngapi. Mimi kwa kujidai nikamwambia ah dada, hili linafanya kazi, kila zamu ninalo. Akauliza, samahani, unafanya kazi gani? Nikasema rubani. Kimya. Nikaona anaandika, anaacha, anaandika, anaacha. Halafu ule uchangamfu wote ukaondoka ikaja ile sentensi ya matumizi ya kikazi, imenyooka, unaona kabisa imebandikwa kutoka mahali.

Nikamuuliza, kwa hiyo ningesema mimi ni mwalimu mngenitengenezea? Akasema waranti inahusu wateja wanaosafiri kwa shughuli binafsi. Nikamuuliza, na neno "wafanyakazi wa ndege" kwenye lebo linamaanisha nini? Akasema hilo ni jina la mtindo. Jina la mtindo! Nikasema basi dada yangu niuzieni mkono tu, nitalipa, nitafunga mwenyewe. Vipuri haviuzwi kwa mteja mmoja mmoja. Halafu, na hapa ndipo niliposimama kabisa kutoka kwenye kiti, akaniandikia: "Tunakushauri pia upunguze mzigo unaobeba." Anipunguzie nini? Leseni? Nibebe nusu ya cheti cha afya?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mabegi ya magurudumu yalikuwepo tangu zamani, Bernard Sadow alipata hataza ya lake Marekani mwaka 1972, lakini lile lilikuwa sanduku la kulala lenye magurudumu manne unalivuta kwa mkanda, linayumba. Aliyelisimamisha wima, akaliwekea magurudumu mawili na mkono mrefu wa kuvutia, alikuwa rubani wa Northwest Airlines, Robert Plath, mwaka 1987. Mwanzoni aliwauzia wenzake, marubani na wahudumu wa ndege. Abiria waliona watu wa yunifomu wanapita uwanjani bila kuteseka ndio wakataka na wao. Yaani huo mkono, huohuo ulionikwama, ulitengenezwa na mtu wa kazi kwa ajili ya watu wa kazi, ndio biashara yote hii ikazaliwa, leo mtu anakaa ofisini anauza mabegi kwa picha ya rubani halafu ananiambia kazi yangu ndio imeharibu begi.

Na siyo kwamba haiwezekani. Kapteni wangu yule yule ana begi lake la fremu ya chuma, limechubuka kila kona, magurudumu ameshabadilisha mwenyewe, mkono ameshabadilisha mwenyewe, kila kitu kimefungwa kwa skrubu anazifungua chumbani hotelini. Baya kulitazama. Zito pia, na mimi kwa kweli nililikataa la aina hiyo kwa sababu ya uzito. Hili langu ni jepesi kwa sababu wamepiga riveti kila mahali, ukitaka kufungua unavunja. Hapo ndipo ujanja wote ulipo, wepesi tunaukuta dukani, kwenye lami ndio unagundua wameuokoa wapi.

Nikalipeleka kwa fundi. Fundi wa kawaida tu, wa viatu na mabegi. Akalipindua, akacheka kidogo, akatoboa zile riveti mbili, akatoa kispringi kilichopinda, kadogo hivi, akaweka kingine na boliti mahali pa riveti. Alichukua muda mfupi kuliko ule niliotumia kumweleza yule dada tatizo. Mkono sasa unapanda na kushuka vizuri kuliko siku nililolinunua, na hapa lazima niseme kitu ambacho sitaki kusema, bado natembea na hili begi. Nimeshaenda nalo safari nyingine. Magurudumu yake hayapigi kelele koridoni usiku wa manane, zipu ni ileile, ule mfuko wa shampuu sijauona kwenye begi lingine lolote. Ukiwa na fundi mzuri karibu, na ukikubali kwamba waranti ni mapambo, ni begi zuri. Nilipoanza kuandika nilikuwa na nyota moja, nilipofika kwenye fundi nikawa nasogea kwenye tatu.

Halafu nikakumbuka niliwatumia picha ya kile kispringi, bila hata matusi, nikawaambia tatizo ndilo hili, labda mrekebishe kwa wengine watakaonunua. Wamejibu wakati naandika hapa. Wananishukuru kwa mawasiliano, na wananitaarifu kwamba kwa kuwa begi limefunguliwa na fundi asiyetambuliwa na kampuni, waranti yangu imefutwa. Na wameambatanisha kuponi ya punguzo ya begi jipya, mtindo uleule, lebo ileile ya wafanyakazi wa ndege.

Ipi waranti? Si mlisema sina?

Nyota moja. Hiyo moja ni ya zipu.