Dana mpaka Petra kwa miguu, siku 5: inalipa, ila maji!

Nimerudi juzi kutoka Jordan, nimetembea kutoka kijiji cha Dana mpaka Petra, ule mji wa kale uliochongwa kwenye miamba, kama kilomita 75 hivi, siku 5, tunalala kwenye mahema. Watu wananiuliza kama hela inalipa. Inalipa jamani, tena sana, ila kampuni niliyoenda nayo (sitaji jina, nimeshaongea nao) kuna mahali waliniangusha na nitasema.

Siku ya kwanza ni kushuka tu. Dana iko juu, zaidi ya mita 1,200, na unateremka bonde lote mpaka Feynan, karibu mita 1,000 za kwenda chini kwa siku moja, aliyewahi kushuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka anajua magoti yanavyolia, basi ndo hivyohivyo. Kule Feynan kuna malundo meusi yametapakaa nikadhani mkaa, mwongozaji wetu akaokota kipande akanitia mkononi, kizito balaa! Akasema ni taka za kuyeyusha shaba, watu wamechimba shaba pale tangu maelfu ya miaka, na enzi za Warumi wafungwa waliletwa kufanyishwa kazi kwenye migodi hiyo. Nilikishika kile kipande muda mrefu kabla sijakirudisha chini.

Huyo mwongozaji ndo sababu ya nyota zote ninazotoa. Mzee wa Kibedui, umri wa baba yangu kabisa. Mimi nikamwita ami kwa mazoea ya nyumbani Tanga, kumbe na kwao ni neno hilohilo, kuanzia hapo nikawa binti yake. Jioni anakanda unga, maji na chumvi basi, anautandaza kama chapati nene, anafukua makaa anaufukia kwenye mchanga wa moto na majivu, baadaye anautoa anaupigapiga na kitambaa majivu yote yanaruka. Nje mgumu, ndani laini, unachovya kwenye mafuta ya zeituni. Na chai ya maramia, majani ya kunukia ya kwao, sukari mpaka kijiko kinasimama. Sijala mkate mtamu kama ule.

Sasa shida. Siku ya tatu ndo ngumu kuliko zote, unapanda majabali kutwa nzima kivuli hakuna, na kampuni walituambia lita 3 kwa mtu zinatosha maana gari litatukuta njiani na maji mengine. Gari halikuja mpaka jioni kambini. Saa nane mchana chupa zetu zilikuwa tupu, dada mmoja kwenye kundi akaanza kizunguzungu, ami akampa maji yake yote akatembea mkavu. Hilo sio jambo dogo, jangwani mtu anakufa hivyo. Beba lita 5 zako mwenyewe hata wakikuambia nini, na uende Machi, Aprili au Oktoba, sio kiangazi cha kule, yaani Juni mpaka Agosti.

Halafu siku ya mwisho. Watalii wengi wanaingia Petra kwa mbele kupitia ule mwanya wa Siq, wanaona lile jengo maarufu la Hazina, wakishafika mjini ndani ndo wanapanda ngazi zaidi ya 800 kwenda jengo la Ad-Deir huko juu. Sisi tulitokea Petra Ndogo, magofu madogo kaskazini ya Petra yenyewe, tukapita kinjia kinachoambaa ukingo wa mlima, kushoto jiwe kulia korongo, unakata kona na Ad-Deir hiyo hapo mbele yako, jengo zima limechongwa kwenye mwamba, mita 45 hivi kwenda juu, na asubuhi ile palikuwa na watu wanne tu. Nililia, sioni aibu kusema. Wanabatea, watu wa kale waliojenga Petra, walichonga yote kwa patasi na bado wakavuta maji ya mvua kwa mifereji mpaka kwenye matangi ili mji uishi jangwani, mifereji yenyewe bado unaiona ukutani ukishuka.

Tiketi uwe nayo mkononi kabla, maana huku nyuma nako wanakagua. Chukua Jordan Pass, ile tiketi ya pamoja ya watalii, kabla hujafika nchini, mimi nililipa dinari 70, Petra siku 1 imo ndani, na ukilala usiku 3 hata ada ya viza husumbuliwi nayo. Ila siku 1 haitoshi, nimeondoka makaburi ya wafalme nimeyaona kwa mbali tu.

Mwongozaji 5/5, njia 5/5, kampuni 2/5. Nikijaaliwa Oktoba narudi na mdogo wangu, namba ya ami ninayo, safari hii tunapanga naye moja kwa moja.