Uwanja wa nyumba Goma: mawe ya volkano au zege la nakshi?

Mawe tunayo tele. Lava ya Nyiragongo ya 2002 ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na mafundi wa kuyachonga hawakosekani. Yakipangwa juu ya mchanga, mvua inapenya katikati, na moja likititia unaling'oa na kulirudisha.

Zege la nakshi linavutia zaidi, sibishi. Rangi inachanganywa, kisha chapa inakandamizwa likiwa bado bichi. Fundi akichelewa, haishiki. Halafu limwagiliwe maji walau siku 7, likatwe mistari ya kudhibiti nyufa, na lipakwe vanishi upya kila baada ya miaka michache. Vanishi hiyo ikilowa huteleza kweli! Kwenye barza yenye paa, zege. Njia ya magari, mimi nachukua mawe.