Zoho Mail ya bure na domeini ya .co.tz kwa ofisi ya watu watano: uzoefu wangu

Ofisi ndogo hapa Dodoma, hasa zinazopeleka profoma na barua kwenye wizara kule Mtumba, zinajishushia hadhi zinapotumia Gmail yenye jina la mfanyakazi mmoja. Akiondoka, anaondoka na mawasiliano yote. Ninasimamia barua pepe za ofisi ya watu watano maeneo ya Makole: domeini ni .co.tz, tovuti inahifadhiwa na kampuni ya hapa nchini, na barua zinapita Zoho Mail, mpango wa bure. Unafaa, na kwa ofisi ya ukubwa huu ninaupendekeza bila kusita. Ila ubora wake unategemea rekodi za DNS, yaani maelekezo ya domeini yanayosema tovuti na barua ziende seva gani. Zikikaa vibaya, utailaumu Zoho kwa kosa lisilo lake.

Mpango wa bure unakupa watumiaji hadi watano, GB 5 kila mmoja, domeini moja, na kiambatisho cha hadi MB 25. Unasoma kwa kivinjari au kwa programu ya simu. Huna IMAP wala POP, kwa hiyo huwezi kuunganisha Outlook au Thunderbird. Ukizitaka, kuna Mail Lite ya dola 1 kwa mtumiaji kwa mwezi ikilipwa kwa mwaka mzima, yaani dola 60 kwa watu watano. Google Workspace inaanzia GB 30 kwa mtumiaji na Microsoft 365 Business Basic nayo ina sanduku kubwa zaidi, lakini bei yake ni mara kadhaa ya hiyo.

Wengi wataniuliza kwa nini wasitumie barua pepe zinazokuja bure na cPanel, paneli ya kusimamia tovuti. Zinafanya kazi, tena zina IMAP. Tatizo ni kwamba kwenye seva ya kushirikiana, anwani moja ya IP inatumiwa na tovuti nyingi. Mmoja wa majirani hao akidukuliwa na kuanza kurusha spamu, IP nzima inaweza kuingia kwenye orodha nyeusi kama ya Spamhaus, na barua zako zinaanza kurudi na namba 550 (ya kukataliwa) au kuangukia spamu. Wewe hujafanya kosa lolote, na huna uwezo wa kulirekebisha. Kuweka seva yako mwenyewe ofisini ndiyo usiifikirie kabisa: umeme ukikatika nayo imezimika, na IP ya intaneti ya kawaida haiaminiwi na Gmail.

Sasa usanidi. Sajili domeini kupitia msajili aliyeidhinishwa wa .tz, kwa jina la kampuni, si la fundi. Kisha fungua akaunti ya Zoho, weka domeini, na uthibitishe umiliki kwa rekodi ya TXT (mstari wa maandishi unaowekwa kwenye DNS) utakayopewa. Tengeneza watumiaji wote kabla hujagusa MX (rekodi inayotaja seva ya kupokea barua), maana MX ikishahama, barua ya mtu asiye na akaunti inarudi kwa aliyeituma. Anwani kama info@ na zabuni@ zisikulie nafasi ya mtumiaji: zitengeneze kama makundi, barua iwafikie wahusika wote.

MX ni tatu: mx.zoho.com kipaumbele 10, mx2.zoho.com kipaumbele 20, mx3.zoho.com kipaumbele 50. Zinakili kutoka kwenye paneli yako mwenyewe, usichukue za mtu mwingine, kwa sababu akaunti iliyofunguliwa kwenye kituo cha data cha Ulaya inatumia majina yanayoishia na .eu. Futa MX zote za zamani. Ukiacha hata moja, barua nyingine zitaendelea kwenda seva ya zamani na mtazitafuta bila kuziona.

Hapa kuna mitego mitatu inayowapotezea watu siku nzima.

Wa kwanza ni kuhariri DNS mahali pasipo sahihi. Mabadiliko yanafanya kazi pale tu nameserver za domeini (seva zinazotunza rekodi zake za DNS) zinapoelekea. Kama zinaelekea kwa kampuni ya tovuti, rekodi utakazoweka kwa msajili ni kazi bure. Fungua CMD kwenye Windows uandike nslookup -type=mx ofisiyako.co.tz, uone kinachojibu. Kama jibu bado ni la zamani, angalia kwanza TTL, idadi ya sekunde ambazo jibu la zamani huhifadhiwa: 14400 maana yake ni saa nne za kusubiri.

Wa pili ni nukta. Paneli nyingine huongeza jina la domeini mwishoni mwa kila unachoandika, na mx.zoho.com inageuka mx.zoho.com.ofisiyako.co.tz. Ukiona hivyo, malizia jina kwa nukta: mx.zoho.com. na mambo yatanyooka.

Wa tatu uko cPanel, sehemu iitwayo Email Routing. Ikibaki Local, seva ya tovuti inadhani barua za domeini yako bado ni zake. Fomu ya mawasiliano kwenye tovuti itatuma ujumbe, seva itauweka kwenye sanduku la zamani lisilofunguliwa na mtu, na mteja ataona mmempuuza. Badilisha iwe Remote. Huu ndio mtego mbaya kuliko yote, kwa sababu barua za kutoka nje zinafika vizuri na hakuna anayeshtuka.

SPF, rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la domeini yako, iwe moja tu. Ukikuta ya zamani inayoanza na v=spf1, usiongeze ya pili; unganisha, kwa sababu zikiwa mbili ukaguzi unashindwa kabisa. DKIM, ufunguo wa kuthibitisha saini ya barua zako, ni mstari mrefu wa herufi. Ufunguo wa biti 2048 unazidi herufi 255, na paneli nyingine zinaukata bila kukuambia. Likitokea hilo, tengeneza wa biti 1024. DMARC, inayowaambia wapokeaji wafanye nini na barua zilizoshindwa ukaguzi, anza na v=DMARC1; p=none kwenye jina _dmarc, uikaze baadaye. Tangu Februari 2024, Google wanadai kila mtumaji awe angalau na SPF au DKIM. Mimi nasema weka zote.

Kupima ni rahisi: tuma barua kwenda Gmail yoyote, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vile vitone vitatu, chagua Show original. SPF, DKIM na DMARC zote ziandike PASS. Mpaka hapo usimtumie mteja kitu.

Kwa matumizi ya kila siku, programu ya simu haina usumbufu, na fiba ikikatika kazi inaendelea kwa bando. Anayelemewa na mpango wa bure ni mhasibu aliyezoea Outlook na kumbukumbu zake za miaka. Kama unaye wa namna hiyo, lipia Lite. Nafasi ya GB 5 inaliwa na skani. Nyaraka za zabuni zilizoskaniwa kwa rangi kwa dpi 300 ni mzigo; nyeusi na nyeupe kwa dpi 200 zinasomeka vizuri. Kumbuka pia faili likisafiri kwa barua pepe linavimba kwa takriban theluthi moja. Faili la MB 8 litakataliwa na seva inayopokea mwisho MB 10.

Kabla ya kufunga anwani ya zamani, badilisha barua pepe kwenye NeST (mfumo wa ununuzi wa serikali), BRELA na TRA, kwa sababu taarifa na misimbo ya kuthibitisha inaweza kuendelea kwenda kule. Akaunti ya msimamizi wa Zoho iwekewe uthibitishaji wa hatua mbili kwa laini ya simu ya ofisi. Na akaunti ya msajili wa domeini iwe na barua pepe ya nje ya domeini hiyohiyo: siku domeini ikiisha muda, onyo la kulipia litakuwa limetumwa kwenye sanduku ambalo bado linafunguka.